Kushuka Ndiko Kunakoumiza Magoti

SWALI: Nina miaka 63 na natumia dawa za presha. Mimi na wenzangu tunataka kupanda mlima kwa siku moja: kilomita 12 kwenda na kurudi, na kilele kiko mita 900 juu ya tunapoanzia. Tambarare hainisumbui, ila nikishuka ngazi magoti huuma. Nijiandae vipi? Na zile fimbo mbili zina kazi kweli, au ni mapambo?

JIBU: Shikamoo. Anza na hizo ngazi. Kupanda hudai pumzi. Kushuka hudai misuli ya mbele ya paja, ambayo ndiyo breki yako. Ikichoka, mzigo huangukia goti, na hapo ndipo watu huteleza, tena wakiwa karibu kufika.

Zoezi lake ni hili. Simama juu ya kidato cha sentimita 15 hivi, mkono ukutani. Teremsha mguu mmoja polepole ukihesabu hadi nne, kisigino kiguse sakafu kidogo tu, kisha urudi juu bila kujisukuma kwa mguu huo wa chini. Mara 10 kila mguu, mizunguko mitatu, siku tatu kwa wiki. Litazame goti la mguu uliobaki juu: likiinamia ndani, kidato ni kirefu mno kwako, tafuta kifupi. Jipe wiki 8 hadi 12. Goti likivimba, au likiwa bado linauma kesho yake, simamisha zoezi umwone daktari kwanza.

Fimbo si mapambo. Kwenye tambarare kiwiko kikunjwe pembe mraba. Kabla ya kushuka zirefushe sentimita 5 hadi 10, na zitangulie chini kabla ya mguu. Ukiziacha fupi utainama mbele, na ni afadhali usingezibeba.

Hapo hapo kileleni kaza upya kamba za viatu, hasa kwenye kifundo. Kiatu kilicholegea huachia mguu uteleze mbele, vidole vigonge ncha, na kucha huwa nyeusi. Zikate siku chache kabla.

Kuhusu muda, kanuni ya zamani ya wapanda milima ni saa moja kwa kila kilomita 5, pamoja na saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kwenda tu kwenu ni kama saa 2 na dakika 42. Ongeza nusu yake, iwe saa 4, na kushuka wekeni saa 3. Mkianza saa 12 asubuhi, mtafika kileleni saa 4 asubuhi. Saa 5 na nusu ikiwakuta njiani, geukeni, hata kama kilele mnakiona.

Dawa je? Baadhi ya dawa za presha huzuia mapigo ya moyo yasipande, kwa hiyo saa ya mkononi inayopima mapigo inaweza kukudanganya. Pima kwa mazungumzo: ukishindwa kumaliza sentensi, punguza mwendo. Zile za kukojosha hukausha mwili, na kiu nayo hupungua na umri, basi kunywa kidogo kidogo bila kuingoja. Usikatize dawa mwenyewe. Mwulize daktari kabla ya safari. Kifua kikibana, simama na uwaambie wenzako papo hapo.