Usichome sindano katikati ya tako, hata kama mwalimu wako ameruhusu

Mdogo wangu, umeuliza mbinu ya kukariri neva (mishipa ya fahamu) za misuli ya nyonga na za sakafu ya fupanyonga kabla ya mtihani wa vitendo, lakini mimi nimekwama kwenye sentensi yako ya mwisho, kwamba diklofenaki, dawa ya maumivu, utaichoma "katikati ya tako, maana ndipo penye nyama". Acha kabisa.

Neva ya siatiki, yenye mizizi ya L4 hadi S3 (yaani kuanzia pingili ya nne ya kiuno hadi ya tatu ya sakramu, mfupa wa chini ya kiuno), hutoka kwenye fupanyonga chini ya pirifomisi, msuli wa ndani ya tako, kisha hushuka kati ya mfupa wa kukalia na nundu ya nje ya mfupa wa paja, yaani jirani kabisa na hapo penye nyama zako. Nami niliambiwa maneno hayo hayo na mkubwa wangu wa kazi, mtu aliyejua kila kitu isipokuwa anatomia. Nilipomchoma fundi cherehani mmoja, alipiga kelele kwamba umeme umemshuka hadi vidoleni. Mkubwa akasema dawa hiyo huuma, niendelee, nami kwa utii uliozidi akili nikasukuma dawa hadi ikaisha, ilhali nilipaswa kuchomoa sindano papo hapo. Tangu hapo fundi huyo hakuweza kuinua unyayo, kwa sababu nyuzi za neva hiyo zinazohudumia misuli ya mbele ya mguu hukaa upande wa nje na huumia kwa urahisi zaidi, na cherehani ya kukanyaga hutaka unyayo uinuke na kushuka. Kwenye faili mkubwa aliandika "tatizo la mgongo". Siku hizi anafundisha; huenda ndiye mwalimu wako.

Papasa mifupa kwanza, ndipo ushike sindano. Kwa nyonga ya kushoto, weka kiganja cha mkono wa kulia juu ya nundu ya paja, kidole cha shahada kwenye ncha ya mbele ya mfupa wa nyonga, na kidole cha kati ukitanue kuelekea nyuma, kikifuata ukingo wa juu wa mfupa huo. Choma ndani ya pembe ya vidole hivyo viwili, kwenye gluteasi media na minima, misuli inayohudumiwa na neva ya gluteali ya juu, L4 hadi S1. Siatiki imebaki mbali nyuma. Usipoipata mifupa hiyo kwa vidole, mpe mgonjwa vidonge, kwani diklofenaki ya vidonge ipo.