Usifute Windows: Iweke Linux Pembeni Yake

Msomaji mmoja wa Tabata ameniandikia kwamba anataka kufuta Windows 10 kwenye kompyuta yake ya nyumbani na kuweka Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, peke yake, kwa sababu Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa mfumo huo tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine yake haina chipu ya usalama ya TPM 2.0 inayodaiwa na Windows 11. Ndugu yangu, Linux haiidai chipu hiyo, lakini usifute kitu. Mifumo yote miwili inakaa humo.

Kompyuta yangu niliipeleka kwa fundi mmoja Kariakoo, naye hata hakuiwasha, akanishauri niiuze kama vipuri. Maneno yale bado yananikera, kwani makala haya ninayaandika kwa mashine hiyohiyo, ndani ya Linux Mint, mojawapo ya matoleo ya Linux, huku Windows ikibaki kwa ajili ya programu ya uhasibu ambayo wateja wangu hawako tayari kuiacha.

Kazi kubwa iko upande wa Windows, na hapo ndipo vijana wengi hupapatika. Kwanza nakili mafaili yako nje ya kompyuta. Ukikuta BitLocker, kufuli la Windows linaloficha data ya diski, imewashwa, andika ufunguo wake wa dharura karatasini, kwa kuwa unaweza kudaiwa mara tu namna ya kuwaka kwa mashine inapobadilika. Kisha punguza sehemu ya Windows kwa zana yake yenyewe ya kugawa diski, uache nafasi tupu ya GB 50 hivi, na uzime kipengele cha kuwaka haraka. Kipengele hicho huifanya Windows ilale nusunusu badala ya kuzimika, ikiendelea kuishikilia diski yake, hivyo Linux husoma mafaili yaliyomo lakini hukataa kuandika humo. Asiyelijua hili huilaumu Linux bure, na asiye na subira ya jioni moja ya maandalizi asijiite mtaalamu.

Kusakinisha kwenyewe ni kuwasha mashine kwa flashi yenye Linux na kufuata maelekezo; chagua kuweka Linux pembeni ya Windows.

Kituko ni saa. Linux huhifadhi saa ya UTC, yaani saa rasmi ya dunia, ndani ya mashine, Windows huisoma kana kwamba ni ya hapa kwetu, na kwa kuwa Dar es Salaam iko mbele kwa saa 3, nilitoka Linux saa nne usiku nikaikuta Windows ikidai ni saa moja jioni. Andika sudo timedatectl set-local-rtc 1 kwenye dirisha la amri la Linux, kisha sahihisha saa ya Windows mara moja tu.