Kusahau kunanitisha kuliko maumivu yenyewe

"Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, nina umri wa miaka 44, na ni mtunza kumbukumbu katika masjala ya halmashauri. Baada ya kuzunguka hospitali kwa miaka mingi nikitibiwa malaria, taifodi na baridi yabisi, daktari wa hospitali ya rufaa aliniambia kwamba nina fibromialjia, ugonjwa wa maumivu ya muda mrefu. Maumivu ya mwili mzima nimeanza kuyazoea. Kinachonitisha ni kusahau. Mwezi uliopita jalada la mtumishi lilitafutwa asubuhi nzima na mimi ndiye niliyelipokea. Likakutwa kwenye kabati lisilo lake, na sikumbuki kabisa kuliweka humo. Mkuu wangu ametaka nijieleze kwa maandishi. Nyumbani nimeunguza maharage hadi jirani akaja kugonga mlango, na nimemtumia mdogo wangu pesa ya ada kwa simu mara mbili siku hiyo hiyo. Katikati ya mazungumzo jina la mtu ninayemfahamu vizuri linanitoka, nabaki nimeduwaa. Mume wangu anasema nimeanza kuzeeka mapema, mama mkwe anasema kuna mkono wa mtu. Bibi yangu mzaa mama alifariki akiwa hawatambui tena wanawe. Dawa niliyopewa hospitali ni amitriptilini, naimeza saa tano usiku, na usingizi ukikataa naongeza Piriton. Je, akili inaniondoka? Na huyo mkuu nimweleze nini?"

Msahaulifu, Tanga

Marahaba, mwanangu. Nianze na swali linalokunyima usingizi: katika yote uliyoyaandika, sioni dalili kwamba akili inakuondoka. Kusahau kwa namna unayoieleza ni sehemu ya fibromialjia yenyewe, wala si ugonjwa wa pili uliokuja juu ya wa kwanza. Vigezo vya zamani vya Chuo cha Rumatolojia cha Marekani, yaani chama cha madaktari wa maradhi ya viungo, vya mwaka 1990, vilimtaka daktari abonyeze sehemu 18 za mwili na mgonjwa aumie katika sehemu zisizopungua 11, na kumbukumbu haikuwamo katika hesabu hiyo. Vigezo vya mwaka 2010 viliondoa ulazima wa kubonyeza, vikaweka badala yake ueneaji wa maumivu pamoja na mambo mengine yanayopimwa kwa uzito wake, yakiwemo uchovu, kuamka bila kuhisi umepumzika, na ugumu wa kufikiri na kukumbuka. Kwa hiyo daktari akikuuliza habari za kusahau, hakufanyii udadisi. Anakamilisha vipimo vya ugonjwa wako.

Najua unamwaza bibi yako. Mtu aliyeanza kupatwa na ugonjwa wa ubongo unaoleta usahaulifu wa uzeeni, ambao madaktari huuita demensia, mara nyingi haoni uzito wa anayoyasahau. Watu wa nyumbani ndio wanaoona, na wakimweleza hukataa au hukasirika. Wewe umenipangia matukio kwa utaratibu, umejua lipi lilitokea ofisini na lipi jikoni, na umejua hata kabati halikuwa lake. Tena demensia huua seli za ubongo na husonga mbele mwaka hadi mwaka, ilhali usahaulifu wa fibromialjia hupanda na kushuka kufuatana na usingizi, maumivu na uchovu wa wiki ile. Jichunguze utaona kwamba siku ulizolala vizuri majina hayakutoki sana.

Sasa tuangalie lile jalada, kwa sababu humo ndimo lilimo jibu la mengi. Unasema hukumbuki kuliweka kabatini, na unadhani kumbukumbu ile ilikuwapo kisha ikafutika. Mimi naamini haikuwahi kuingia. Wewe unafahamu kuliko mimi kwamba jalada likipita mlangoni bila kuandikwa kwenye rejesta, kesho yake hakuna wa kulaumiwa kwa kutoliona kwenye rejesta, kwa maana halikuandikwa. Ubongo unaopokea maumivu kutoka mabegani, kiunoni na magotini kwa wakati mmoja hubakiwa na nafasi ndogo ya kuandika mambo mengine, na mkono unaweza kufungua kabati, kuweka jalada na kufunga, bila akili kushuhudia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walichapisha mwaka 2001 ulinganisho wa wagonjwa wa fibromialjia, watu wazima wenye afya wa rika lao, na watu waliowazidi umri kwa miaka 20. Kasi ya wagonjwa ya kuchakata habari ilikuwa sawa na ya rika lao. Kilichofanana na cha wale wazee kilikuwa uwezo wa kushika jambo kichwani wakati unashughulikia jingine, na uwezo wa kulitoa jambo baadaye. Mumeo, basi, hakuwa mbali sana na ukweli, ila angeweza kulisema kwa adabu zaidi.

Usingizi nao una mkono mkubwa. Tangu mwaka 1975 Harvey Moldofsky na wenzake huko Toronto walionyesha kwamba wagonjwa wa aina hii wanapokuwa katika usingizi mzito, mawimbi ya ubongo yanayofanana na ya mtu aliye macho huingilia kati. Walipowanyima watu wenye afya usingizi ule mzito, nao waliamka wakilalamikia maumivu ya mwili. Ndiyo maana unaweza kulala usiku kucha na ukaamka umechoka kuliko ulivyolala, na ndiyo maana jitihada yoyote ya kurudisha kumbukumbu isiyoanza na usingizi haifiki mbali.

Hapa naomba unisikilize kwa makini, kwa sababu jambo hili umelitaja kama la kupita tu. Piriton ni dawa ya mzio na mafua ambayo wengi hununua dukani kwa ajili ya kulala. Inaleta usingizi, ni kweli, lakini huuleta kwa kuzuia kemikali fulani za ubongo, na mojawapo ni ile ambayo ubongo huitumia katika kuzingatia na kukumbuka. Amitriptilini nayo, pamoja na msaada wake katika maumivu, huizuia kemikali hiyo hiyo. Ukizimeza zote mbili usiku mmoja unazidisha uzito wa jambo lile lile, na dalili zake ni mdomo kukauka, choo kuwa kigumu, macho kuona ukungu ukisoma maandishi madogo, na kichwa kuwa kizito hadi saa nne asubuhi. Sikushangazwa kwamba jalada lilipotea. Piriton iache kuanzia leo. Amitriptilini usiiache wala usijipunguzie mwenyewe, maana kuikatiza ghafla kuna madhara yake. Mwulize daktari kama unaweza kuimeza mapema zaidi, tuseme saa mbili au saa tatu, ili usingizi wake uwe umekwisha unapoingia kazini, na kama dozi yenyewe inahitaji kutazamwa upya. Ukienda, zitie kwenye mfuko dawa zote zilizomo nyumbani, hata ile ya kikohozi na zile za maumivu ulizoazimwa na shoga yako, umwagie mezani azione. Dawa kali za maumivu kama tramadoli na zile zenye kodeini, na dawa za kutuliza wasiwasi, zote hupunguza makini.

Wakati huo huo omba upimwe tezi ya shingo, wingi wa damu, sukari na vitamini B12, kwa sababu kila kimojawapo kikiyumba huleta uchovu na usahaulifu, na mtu aliyekwisha kupewa jina la ugonjwa mmoja hospitalini mara nyingi hatafutwi tena ugonjwa mwingine. Mweleze pia hali ya hedhi yako, kwa kuwa umri wa miaka 44 ni umri ambao homoni huanza kubadilika, na mweleze kama unakoroma, kama unaamka ukiwa umekabwa na pumzi, na kama moyo umekuwa mzito kwa majuma mfululizo. Lakini ukipotea njia ya kwenda nyumbani kwako, ukashindwa kazi ya mkono uliyoizoea kama kufunga vifungo, au usahaulifu ukazidi mwezi hadi mwezi bila siku ya nafuu, usingoje tarehe ya kliniki. Na ulimi ukiwa mzito ghafla, au upande mmoja wa mwili ukalegea, hiyo ni dharura ya saa ile ile.

Nije kwenye maisha ya kila siku. Watu watakushauri ufanye mazoezi ya kukariri, na vijana wanaopita maofisini na mabegi watakuuzia virutubisho vya kuongeza kumbukumbu. Pesa hiyo nunua madaftari. Kujilazimisha kukumbuka ndiko kunakokuchosha. Shughuli ya kukumbuka itoe kichwani uiweke mahali pengine, kama Waswahili wa dukani walivyokwisha kusema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Daftari liwe moja, dogo, la kuingia mkobani, wala si vipande vya karatasi vilivyotawanyika. Jambo liandike pale pale linapotamkwa, hata kama umesimama na mtu anakungoja. Kazini usilipokee jalada ukiwa unaongea na mtu mwingine au umeshika simu. Mwombe subira, andika namba yake, saa na unapoliweka, kisha tamka kwa sauti ndogo, "Jalada hili naliweka kabati la tatu." Sauti yako mwenyewe humlazimisha msikilizaji wa ndani ashuhudie. Wenzako watakuzoea.

Jikoni fanya sheria ya kutotoka wakati moto unawaka. Ukilazimika kutoka, zima gesi kwanza, na maharage yapikwe siku ambayo kuna mtu mzima wa pili nyumbani. Kengele ya simu inafaa, ila ikilia mtu huizima na kuisahau. Ndiyo sababu uiandikie maneno, "maharage jikoni", yaonekane kwenye kioo. Pesa za simu uzitume wakati mmoja maalumu wa siku, na kabla ya kubonyeza namba ya siri rudi kwenye ujumbe wa uthibitisho wa muamala uliopita. Zile zilizokwenda mara mbili kwa mdogo wako zihesabiwe ada ya muhula ujao. Jina likikutoka katikati ya maneno, usilikimbilie. Sema "yule mama wa kwaya", uendelee, nalo litarudi wakati unafua.

Kuna kosa moja ambalo karibu wagonjwa wote wa fibromialjia hulifanya, nalo ni kuifidia siku mbaya kwa siku nzuri. Umeamka mwili mwepesi, basi unafua mapazia, unakwenda sokoni, unamaliza na kumtembelea mgonjwa hospitali ya Bombo, na kesho yake unalala kutwa nzima na kichwa hakishiki kitu. Siku nzuri ufanye kazi kiasi, ili ya pili yake nayo iwe ya kiasi. Tembea, hata kama dakika kumi tu jioni baada ya jua kupungua, na uongeze kidogo kidogo. Wataalamu wa Ulaya walipopitia tiba za ugonjwa huu katika mwongozo wao wa mwaka 2016, mazoezi ya mwili ndiyo pekee waliyoyapa pendekezo lenye nguvu, juu ya dawa zote. Sehemu hii wagonjwa hawaipendi, nami nawaelewa, kwani kumwambia mtu anayeumwa mwili mzima atembee kunafanana na dharau.

Mama mkwe usibishane naye. Mtu aliyeishi miaka yote hiyo akiona maradhi yasiyoonekana kwenye vipimo vya damu yakihusishwa na jirani, huwezi kumgeuza kwa maelezo ya mawimbi ya ubongo. Mwombe kazi badala yake: kila usiku, saa atakayoipanga daktari, akukumbushe kumeza dawa. Mumeo ndiye wa kukaa naye chini, si wakati amekutania mbele ya watoto, bali siku mkiwa wawili, umweleze kwamba neno lile linakuumiza kwa sababu unamkumbuka bibi. Bora zaidi umchukue kliniki asikie kutoka kwa daktari, maana wanaume wengi, sijui kwa nini, neno la mke hulisadiki pale anapolirudia mtu mwenye koti jeupe.

Kuhusu mkuu wako, mweleze ukweli, lakini si wote. Huna wajibu wa kumsimulia habari za ndoa, hedhi wala woga wako. Barua ya kujieleza ianze na jalada: lilipokelewa na wewe, liliwekwa kabati lisilo lake, likapatikana, na unasikitika kwa usumbufu uliotokea. Kisha sema kwamba unatibiwa ugonjwa wa muda mrefu wa maumivu unaoathiri usingizi na makini, na ambatanisha barua ya daktari inayolithibitisha hilo bila kueleza kila kitu. Halafu, na hapa ndipo mkuu atakapokaa kitini vizuri, taja hatua ulizokwisha kuchukua: rejesta inaandikwa kabla jalada halijawekwa, na kila jioni kabla ya kufunga unapitia majalada yote yaliyopokelewa siku hiyo pamoja na mwenzako. Omba jambo moja tu, lililo ndani ya uwezo wake. Mimi ningeomba muda wa saa moja kila asubuhi bila kuhudumia dirishani, ili upange majalada kwa utulivu. Barua isizidi ukurasa mmoja. Mkabidhi mwenyewe mkononi, na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa ibaki kwako.