Mume wangu mwimbaji mstaafu anasimulia ujana wake, mimi simo

Mama K wa Isevya, Tabora, barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuonea huruma, ya pili huruma ikapungua. Pole lakini.

Kwa wasomaji, kisa chenyewe ni hiki. Mama K ana miaka 61, mumewe 74, zamani mzee aliimba bendi ya dansi hapohapo Tabora, wakaoana 1983 baada ya mzee kuachana na mke wa kwanza ambaye ni mtu wa Ujiji. Sasa kuna binti wa chuo kaja likizo kutoka Dodoma, kila jioni anakaa na mzee uani chini ya mwembe, simu inarekodi, mzee anasimulia wazazi wake, bendi, safari na jinsi alivyoanza kujulikana. Mama K anasema wiki tatu nzima hajasikia jina lake hata mara moja ila Ujiji inatajwa kila siku, halafu kwa bahati mbaya rekodi zote zikafutika alipochukua simu ya binti kuangalia saa. Anauliza afanyeje mzee anyamaze, na kama aende kwanza kwa kaka yake Urambo mpaka mambo yapoe.

Tuanze na hiyo bahati mbaya. Mdogo wangu, na mimi nina simu janja. Ukitaka kufuta kitu inakuuliza kwanza kama una uhakika. Sasa rekodi za wiki tatu zimefutika zote, hiyo saa ulikuwa unaiangalia kwa vidole vingapi? Na mwenyewe umeandika sebuleni kwenu kuna saa ya ukutani mzee alipewa siku anastaafu reli. Tuendelee.

Huyo binti barua nzima umemwita "hako kasichana", mpaka nikaanza kudhani mzee kaingiza kimada ndani. Ni ukurasa wa mwisho, tena kwa mstari nusu, ndo nagundua kumbe ni mjukuu wake wa damu, mtoto wa bintie wa yule mwanamke wa Ujiji. Mjukuu kumuuliza babu yake habari za ukoo limekuwa kosa lini?

Na tuangalie anasimulia nini, maana umeniandikia mwenyewe ukitaka nicheke. Mama yake alikuwa anauza karanga stesheni, baba yake mtu wa reli hataki kusikia gitaa. Bendi inapanda treni na vyombo vyake kwenda Dar kurekodi Redio Tanzania, mnapiga wote kwa pamoja, mmoja akikosea mnaanza upya wote. Siku wimbo wake unapigwa redioni mara ya kwanza yeye hayupo nyumbani, mama yake akasikia sauti ya mwanae, akakimbia akaizima redio, eti wimbo usije ukaisha kabla mwenyewe hajarudi kuusikia! Mwanamke yule aliizima ili mwanae asikose. Mzee akifika hapo analia, umesema. Wewe ukaona ni maigizo ya kizee. Mi nimekaa na barua mkononi nikaacha mboga iungue.

Wewe mtu wa Tabora hukupaswa kufundishwa hili. Hapo kwenu ndipo ilipokuwa bendi ya Kiko Kids ya Salum Zahoro, ndipo ilipokuwa Tabora Jazz aliyoimbia marehemu Shem Karenga, ambaye tena ni mtoto wa huku kwetu Kigoma, na Nyanyembe Jazz. Zamani hizo bara hatukuwa na TV mpaka 1994, mwimbaji tunamjua kwa sauti, unampenda redioni miaka miwili halafu bendi ikishuka stesheni Kigoma na suruali zao za mabugaluu na viatu vya raizoni ndo unagundua mwenye sauti ile nene ni kafupi hivi. Ustaa wa namna hiyo hauna picha nyingi, uko kwenye midomo ya watu, na hao watu wanaisha.

Sasa nije kwenye mstari ulioupitisha harakaharaka. Umeandika, "nilipozaa wa pili nilimwambia achague mziki au mimi, akachagua mimi." Umeandika kwa raha kabisa. Gitaa lilikuwa la mwenye bendi, wakati ule vyombo ni mali ya tajiri au shirika, mwanamziki akitoka anatoka mikono mitupu, kwahiyo mumeo alirudi nyumbani na shati moja la stejini lenye kola ndefu. Na hilo shati, kwa maneno yako, ulilikata vitambaa vya kushikia sufuria maana "kitambaa kilikuwa kizito kizuri". Hakusema kitu. Akaenda kufanya kazi reli mpaka akastaafu. Mwenye kovu usidhani kapoa, mama.

Unauliza kwanini hakutaji. Jamani huoni? Anasimulia habari ya kuimba, na ili akuingize wewe humo inabidi asimulie kuimba kuliishaje, mbele ya mjukuu wa mwenzio, na rekodi inatembea. Akifika 1983 anasema "basi mwanangu tuishie hapo leo", umeniandikia mwenyewe. Mzee anakusitiri, na wewe umemshitaki kwangu.

Siku hizi hili nalikuta kila mahali, na vijana ndo wamezidi. Mtu anaolewa na mwanaume wa miaka 35 anataka awe kazaliwa siku ya harusi, picha za nyuma zifutwe, mama wa mtoto asipige simu, marafiki wa zamani wablokiwe, na wanaume vilevile, mke akitaja tu shule aliyosoma anaulizwa ulikuwa na nani. Halafu mkishafutana kila kitu mnakaa sebuleni hamna stori, kila mtu na simu yake. Zamani bibi zetu walikuwa wake wawili watatu uani na habari za mwenzio unazijua zote, hukufa. Sisemi turudi huko. Nasema wivu kwa mambo ya 1975 ni kujitafutia presha bure.

Umelalamika pia mziki "haujatuletea hata bati moja". Kweli, redio ilikuwa inalipa kidogo na imetoka hiyo, hamna cha mrabaha. Ila ipo sheria ya hakimiliki ya 1999, inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, na ipo COSOTA, ofisi ya hakimiliki, mzee anaweza kusajili zile alizotunga mwenyewe. Watauliza nani alitunga nini, lini, na nani walikuwepo. Na hayo ndo mzee alikuwa anayataja jioni zote hizo kwenye simu uliyoenda kuangalia saa. Na kikipatikana chochote, watoto wa Ujiji nao ni warithi, nakwambia mapema usije ukaniandikia tena.

Utafanya hivi. Nenda kwa binti, mwite kwa jina lake, mwambie umefuta, usimwambie zimefutika. Simu ipelekeni kwa fundi leo, wasiendelee kurekodia vitu vingine juu yake, na muulize binti kama kuna voisi alishawatumia ndugu zake WhatsApp, hizo bado ziko kwao. Kisha muombe mzee aanze upya. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, sauti anayo bado. Akifika 1983 usiondoke kwenda jikoni, kaa hapohapo, na habari ya kuacha mziki isimulie wewe kwa mdomo wako. Ya shati pia.

Urambo usiende. Huyo kaka yako unasema ana ekari nane za tumbaku na wake zake wote wamemkimbia, anakuitia kuchambua majani huyo.