Maandishi kugeuka Kichina kwenye Notepad ya XP
Umeandika sentensi kwenye Notepad, ile programu ndogo ya kuandikia ya Windows XP, ukaihifadhi, ukaifungua tena ukakuta Kichina? Ni hitilafu ya programu hiyo, ndugu, wala si virusi, na faili yako ipo salama. Notepad ya XP hukisia tu usimbaji wa faili, yaani namna herufi zilivyogeuzwa kuwa namba. Sentensi fupi ya herufi ndogo tupu, iliyohifadhiwa kama ANSI (usimbaji wa baiti moja kwa kila herufi), mara nyingine huidhania ni Unicode (hapa, baiti mbili kwa kila herufi). Ikishakosea hapo, herufi inazisoma mbili mbili: “ha”, yaani baiti 68 na 61 kwa heksadesimali (namba za msingi wa 16), inatoka 慨 moja.

Kuthibitisha ni kuhesabu. Uliandika herufi 18 pamoja na nafasi? Zikitokea 9 za Kichina, ndiyo yenyewe. Vijisanduku vitupu navyo vihesabu, maana hapo ni fonti tu imekosekana.

Natengeneza kompyuta hapa Ngamiani, Tanga, na XP bado naletewa (watu wanazipenda hizo mashine, sijui kwa nini!). Kurekebisha, ifungue faili tena kutoka ndani ya Notepad, chini ya dirisha la kuchagulia faili weka ANSI. Ila usihifadhi chochote kabla ya hapo. Kuiripoti hitilafu sasa hakuna haja, Vista, Windows iliyofuata XP, ilishairekebisha. Kama wewe uko kwenye Windows mpya, basi tatizo lako ni jingine.