"Broken" kwenye mfuko wa chai si mbovu

Mkuu, umeuliza kama mfuko ulioandikwa BP1 una chai iliyoharibika. Hapana. Kirefu chake ni Broken Pekoe 1, na "broken" hapo maana yake jani limekatwakatwa, basi. Nimefanya kazi chumba cha machekeche kiwandani huku Mufindi, Iringa. Chai yetu nyingi ni CTC (crush, tear, curl): mashine inaliponda jani, inalichana na kulikunja, kwa hiyo jani zima hulikuti humo hata ukitafuta kwa tochi. Ikishakauka inachekechwa. Punje kubwa ndiyo BP1, zinazofuata PF1 (Pekoe Fannings 1), kisha PD (Pekoe Dust), na D1 (Dust 1) ni vumbi kabisa. Huo ni ukubwa wa punje, si ubora. Punje ndogo hutoa rangi haraka, ndiyo maana za vipakiti huwa ndogondogo (na mama ntilie wa huku wanalipenda vumbi, kijiko kimoja sufuria nzima imekolea).

Ila kwenye mchele usijichanganye. Hapo "broken" ni chenga, yaani punje zilizovunjika, na chenga hata ziwe za Mbarali au Kyela kunakosifika kwa mchele haziuzwi bei ya mchele mzima.