Mpangilio wa faili kwenye kozi ya kanzidata: usiuruke

Ndugu mleta uzi, umeuliza kama kuna haja ya kuhangaika na ile nusu ya kozi inayohusu mpangilio wa faili, yaani jinsi kanzidata (hifadhi ya data kwenye kompyuta) inavyozipanga rekodi zake kwenye diski, wakati siku hizi unaandika SQL, lugha ya kuiuliza kanzidata maswali, na programu inajimalizia yenyewe. Nimeisoma kozi hiyo chuoni, na tangu nihitimu kazi yangu ni kuhudumia kanzidata. Nusu unayotaka kuiruka ndiyo inayoniweka mjini.

Edgar Codd wa IBM alipopendekeza mfumo wa majedwali mwaka 1970, alitaka mtumiaji asilazimike kujua data zimekaaje ndani ya mashine. Mtumiaji, sawa. Wewe unayesomea fani hii huna msamaha huo, kwa sababu mambo yakienda polepole ni wewe utakayeitwa.

Chukua karatasi tupige hesabu. Jedwali lina rekodi 1,000,000, kila moja baiti 200. Kanzidata haichukui rekodi moja moja kutoka kwenye diski, inachukua ukurasa mzima, na kwenye PostgreSQL, moja ya programu za kanzidata, ukurasa kwa kawaida ni baiti 8,192. Hapo zinaenea rekodi 40 hivi, kwa hiyo jedwali zima ni kurasa 25,000. Kama faili ni lundo, yaani rekodi inatupwa popote penye nafasi, kumtafuta mtu mmoja kwa namba yake kutakugharimu wastani wa kurasa 12,500. Kama hayumo, utazipitia zote. Ukilipanga faili kwa namba, kurasa 15 hivi zinatosha kumpata, ila kuingiza mtu mpya katikati kunakuwa kazi.

Sasa weka faharasa ya mti wa B+, yaani orodha ya pembeni iliyopangwa kwa ngazi, inayokuonyesha kila rekodi iko ukurasa gani. Kila ingizo lina ufunguo (ile namba unayotafutia) wa baiti 8 na kielekezi (anwani ya mahali pa kwenda) cha baiti 8, kwa hiyo ukurasa mmoja unabeba maingizo kama 500. Majani, yaani ngazi ya chini kabisa, yatakuwa kurasa 2,000, juu yake kurasa 4, na kileleni mzizi mmoja. Unasoma kurasa tatu za mti na moja ya data, basi. Hata kurasa za mti zikiwa nusu tupu, ngazi zinabaki tatu zile zile. Rudolf Bayer na Edward McCreight walibuni mti wa B, ambao B+ ni aina yake, wakiwa Boeing mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mpaka leo sijaona kitu kilichouondoa kwenye kazi hii. Hesabu hii ifanye kwa mkono hadi iwe nyepesi, kisha badilisha ukubwa wa rekodi uifanye tena.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayojibu malalamiko ninayoyasikia sana: "Nimeweka faharasa lakini haitumiki." Tuseme swali lako linarudisha asilimia 10 ya jedwali, yaani rekodi 100,000 zilizotawanyika. Kupitia faharasa unaweza kurukia kurasa za data mara 100,000. Kusoma jedwali zima kwa mfululizo ni kurasa 25,000 tu. Kanzidata ikiipuuza faharasa hapo, iko sahihi kabisa.

Lakini kuna siku inaipuuza kwa kosa la aliyeandika swali. Kwenye kazi moja niliitwa kuangalia ripoti ya siku iliyokuwa inachukua dakika nyingi kufunguka, na tayari watu walishaanza kuzungumzia kununua seva kubwa zaidi. Nikaweka mbele ya swali neno EXPLAIN, linaloifanya kanzidata ionyeshe njia itakayotumia, likatoka "Seq Scan": jedwali zima linasomwa, ingawa safu ya tarehe ilikuwa na faharasa. Kumbe sharti la kuchuja ndani ya swali lilikuwa linageuza tarehe na saa kuwa maandishi kwanza, ndipo linalinganisha. Faharasa imepangwa kwa tarehe yenyewe, haikupangwa kwa maandishi hayo, kwa hiyo mti hauna pa kuingilia. Nikaliandika sharti upya: kuanzia siku hiyo inapoanza hadi kabla ya siku inayofuata. Ripoti ikafunguka papo hapo, na habari ya seva ikaisha.

Kusanifisha majedwali, yaani kuyagawa ili taarifa moja isirudiwe sehemu nyingi, utakuelewa kwa mazoezi, sina wasiwasi na hapo. Hashi, yaani kukokotoa mahali pa rekodi kutoka kwenye ufunguo wake, nayo ni fupi: inakufikisha haraka ukiwa na thamani kamili, lakini ukitaka "kuanzia hapa hadi pale" haikusaidii, kwa sababu mpangilio wa funguo umeshavurugwa. Swali hilo kwenye mtihani halikosekani.

Mkipewa uhuru wa kuchagua mradi, andika faili lako la kurasa kwa lugha yoyote unayoimudu. Anza na rekodi za urefu unaobadilika. Mwanzoni mwa ukurasa weka orodha ndogo inayosema kila rekodi inaanzia baiti ya ngapi, na rekodi zenyewe zijaze kutoka mwisho kurudi nyuma, nafasi tupu ibaki katikati. Ukifuta rekodi, unaweza kuzisogeza zilizobaki bila namba zake kwenye orodha kubadilika, na faharasa inayozielekezea haitajua kama kuna kilichosogea. Baada ya hapo ongeza mti. Sehemu ngumu ni kugawanya ukurasa uliojaa, hasa mgawanyiko unapopanda hadi kwenye mzizi. Ukikwama hapo, weka msimbo wako kwenye uzi huu tuupitie pamoja.